Hakuna anayesema hapana, wanapiga danadana tu

Mtaani kwetu sasa hivi ukipita na gari unaona vibao vimechomekwa kwenye majani mbele ya nyumba za watu, kila baada ya nyumba tatu nne kipo kimoja, vinasema tuulinde mji wetu. Mtu asiyejua anaweza akadhani kuna jeshi linakuja. Hamna jeshi jamani. Kuna developa kaomba kibali ajenge apatimenti kwenye shamba moja la zamani karibu na barabara kuu, na kwenye hizo apatimenti moja kati ya kila tano itabidi ipangishwe kwa bei nafuu, kwa watu wa kipato cha chini na cha kati. Ndo hilo tu.

Niko New Jersey, upande wa kusini, kwenye hivi vitongoji ambavyo asubuhi nusu ya watu wanavuka daraja kwenda kazini Philadelphia na nusu nyingine wanaingia kwenye mahospitali, mashule na maghala ya huku huku. Mi na mume wangu tulikaa nyumba za kupanga miaka mingi ndo tukanunua nyumba hapa, kwahiyo kwenye hii ishu mi ni mwenye nyumba, nalipa mogeji, yaani mkopo wa nyumba, nalipa na kodi ya majengo ambayo jimbo letu linaongoza Marekani nzima, wastani umeshapita dola 10,000 kwa mwaka kwa nyumba moja na sijazidisha sifuri. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniambia naongea kirahisi kwa sababu sina cha kupoteza.

Sasa tuanze na huyo mtu wa kipato cha kati maana hapo ndo watu wengi wanapotea. Hapa jimboni wanachukua kipato cha familia iliyo katikati kabisa kwenye ukanda wenu, yaani nusu ya familia ziko juu yake na nusu ziko chini, halafu anayepata chini ya asilimia 50 ya hicho anaitwa wa kipato cha chini, na anayepata kuanzia hapo mpaka asilimia 80 ndo wa kipato cha kati. Ukipiga hesabu kwa huku kusini, familia ya watu wanne inaweza ikawa inaingiza kama dola 90,000 hivi na bado ikahesabiwa humo ndani. Niliwaambia hivyo wanawake wenzangu baada ya ibada tukiwa tunapakua pilau, wakanitolea macho. Maana kwenye ile meza tulikuwa manesi wasaidizi, mmoja anaendesha basi la shule, mwingine mumewe yuko kwenye ghala usiku, na ukituchukua kaya moja moja karibu meza nzima ilikuwa ya kipato cha kati au chini. "Kumbe hao watu wanaopigiwa kelele ni sisi?" Ndio mama, ni sisi.

Lakini msidhani wanaochomeka vile vibao ni wazungu peke yao. Kuna rafiki wa mume wangu, tumwite Baba Junior, ni mtu wa Moshi, amekaa hapa kabla yetu, kachapa kazi mbili kwa miaka mpaka kanunua nyumba yenye gereji mbili, na kibao kiko mbele ya nyumba yake. Nilimuuliza kwa utani, akanijibu bila utani. "Shemeji, we hujui hawa watu. Mimi nilikimbia apatimenti za mjini kwa sababu ya fujo, leo unataka zinifuate huku? Shule itajaa, barabara itajaa, nyumba yangu itashuka bei, na kodi juu." Nikamwambia shem, mbona we mwenyewe ulianzia kwenye apatimenti, akasema ndio maana najua. Hapo mume wangu akabadilisha mada akaanza kuongelea mpira, kama kawaida yake.

Simlaumu sana Baba Junior. Mtu ukiwa akiba yako yote ya maisha iko kwenye kuta nne huwezi kusikia neno "mradi" bila moyo kushtuka. Ila kilichonifanya nikaanza kufuatilia kwa makini ni kwamba jimbo hili lina historia ndefu mno ya hii hii mada, na imeanzia jirani tu na sisi, mji unaitwa Mount Laurel, na mtu akiijua hiyo historia hawezi tena kusikiliza vikao vya bodi ya mipango miji kwa masikio yale yale.

Mount Laurel ilikuwa mashamba. Mwaka 1950 ilikuwa na watu kama 2,800, ilipofika 1970 walikuwa zaidi ya 11,000, barabara kubwa zilipita na watu wa mjini wakaanza kuhamia. Na kulikuwa na familia za watu weusi pale tangu enzi za utumwa, vizazi na vizazi, si wahamiaji si nini, wenyeji kabisa. Wengine walikuwa wanaishi kwenye mabanda ya zamani ya kuku yaliyogeuzwa nyumba. Mji ukaanza kuyapiga marufuku hayo mabanda kwamba hayafai kukaa binadamu, sawa, hayafai kweli, lakini ukimtoa mtu humo anakwenda wapi wakati hairuhusiwi kujenga kitu cha bei anayoiweza? Wenyewe wakajipanga kupitia kamati yao wakaleta wazo la kujenga apatimenti 36 tu. Thelathini na sita! Mwaka 1970 meya akaja kanisani kwao siku ya Jumapili kuwapa jibu, na jibu lenyewe, nalifupisha, lilikuwa kwamba kama hamuwezi gharama za kuishi kwenye mji wetu basi itabidi muondoke. Aliyaongea kanisani hayo.

Kati ya waliokuwa wanapigania zile apatimenti alikuwepo mama mmoja, Ethel Lawrence, mwalimu wa watoto wadogo, mama wa familia kubwa, mtu wa kanisa. Alikuwa anataka watoto wake wakikua waweze kuishi mji waliozaliwa. Wanasheria wa msaada kutoka Camden wakamchukua, kesi ikafunguliwa 1971 akiwa pamoja na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikaamua kwamba mji hauwezi kutumia sheria zake za matumizi ya ardhi kufungia nje watu wa kipato cha chini na cha kati, lazima kila mji unaokua ubebe fungu lake la mahitaji ya ukanda mzima.

Nilikaa na ile hukumu jioni kadhaa nikiwa kazini, wazee ninaowahudumia wakishalala, na kuna vitu humo ndani hutaamini. Karibu asilimia 30 ya ardhi ya mji ilikuwa imetengwa kwa viwanda, zaidi ya ekari 4,000, na zilizokuwa zimetumika kweli ni kama ekari 100. Yaani ardhi ya kiwanda kisichokuwepo ipo, ya nyumba ya mtu aliyepo hamna. Halafu pale waliporuhusu apatimenti za wenye nazo, waliweka masharti ya watoto. Apatimenti ya chumba kimoja asikae mtoto wa umri wa shule kabisa, ya vyumba viwili wasizidi wawili, na wastani wa watoto wa shule ukizidi 0.3 kwa kila apatimenti basi developa alipe gharama za shule za hao waliozidi. Sifuri nukta tatu. Nilijaribu kupata picha ya 0.3 ya mtoto, nikashindwa. Lakini hapo ndo ukweli ulipo, maana mashule ya huku kwa sehemu kubwa yanaendeshwa kwa kodi za nyumba zetu, kwahiyo mtoto kwenye vitabu vya mji anaandikwa upande wa hasara.

Sasa ungedhani baada ya hukumu ya 1975 zile nyumba zikajengwa. Thubutu. Danadana ndo zikaanza hapo. Mji ukatenga vipande vitatu vya ardhi ili uonekane umetii, kimoja kikiwa ndani ya eneo la viwanda la mtu ambaye hakuwa na mpango wowote wa kujenga nyumba. Kesi ikarudi mahakamani. Mwaka 1983 majaji wakatoa hukumu ya pili, safari hii wamekasirika kabisa unaona kwenye maandishi, wakasema mji ukigoma basi developa aende mahakamani na mahakama imruhusu kujenga, mradi aweke fungu la nyumba nafuu humo. Mwaka 1985 bunge la jimbo likatunga sheria na kuunda baraza la kusimamia hayo mambo. Kibali cha mradi wenyewe wa Mount Laurel kikatoka 1997 baada ya vikao vya kelele kweli kweli, na wapangaji wa kwanza wakaingia mwishoni mwa mwaka 2000. Hesabu mwenyewe kutoka ile Jumapili ya meya. Ethel Lawrence alifariki 1994. Mtaa una jina lake lakini yeye hakuwahi kuona hata msingi.

Katika miaka yote hiyo, ukimtoa yule meya, mi sijakuta kiongozi mwingine aliyesema wazi kwamba hatutaki maskini. Walisema tufanye utafiti. Walisema mifereji ya maji taka haitoshi, na kweli labda haikutosha. Walisema subirini. Sisi Wabongo hii lugha tunaijua vizuri, ni ile ile ya njoo kesho ya maofisini kwetu, tofauti ni kwamba huku njoo kesho inakuja na wanasheria na ramani za rangi.

Na kuna kitu kingine lazima nikitaje kwa sababu kinanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Ile sheria ya 1985 iliruhusu mji tajiri kuulipa mji maskini ubebe mpaka nusu ya fungu lake la nyumba nafuu. Kwahiyo vitongoji vyenye nyasi nzuri vilikuwa vinatuma hela Newark, Trenton, Camden, jengeni nyie huko, kama mtu anayemlipa jirani amkalishie wageni wake wa msiba. Ilidumu zaidi ya miaka 20 mpaka ilipofutwa mwaka 2008. Ile hela ilisaidia kukarabati nyumba kwenye hiyo miji, sikatai. Lakini kazi ziko kwenye vitongoji, na usiku basi hakuna, na mimi nimefanya kazi na wadada wanaotoka Camden wanalipa teksi na kurudi nyumbani mshahara wa saa mbili umekwisha njiani.

Nirudi kwenye mji wetu. Nilikwenda kwenye kikao cha bodi siku niliyokuwa off, kilianza saa moja jioni, ukumbi umejaa watu wa umri wa wazazi wangu na zaidi. Mbele kuna ramani kubwa imebandikwa kwenye ubao na mtaalam wa trafiki, kijana wa suti ya bluu ya karibu nyeusi, anaelezea idadi ya magari yatakayotoka asubuhi. Kisha mwanasheria wa majirani akaanza kumhoji. Hii namba umeipata wapi. Kitabu toleo la ngapi. Ulihesabu siku gani. Ilikuwa siku ya shule? Mvua ilinyesha? Kona ya kushoto inachukua sekunde ngapi? Yaani kona moja ya kushoto ilijadiliwa zaidi ya mahubiri yoyote niliyowahi kusikia, na kijana yule anajibu kwa upole huku anafungua makaratasi, na nyuma yangu kuna mama mmoja anasuka sweta kabisa, amejiandaa, anajua hizi ngoma zinavyochezwa. Saa nne usiku mwenyekiti akaangalia saa akasema muda umekwisha, shauri linaahirishwa mpaka mwezi ujao, tutaendelea na mtaalam huyu huyu. Hata mwananchi mmoja hakufika kwenye mikrofoni.

Nikatazama ule ukumbi nikatafuta mtu hata mmoja ambaye anaweza kuja kuishi kwenye zile apatimenti, sikumuona, na sio kwamba hawapo. Nawajua. Wako shifti ya saa tisa mchana mpaka saa tano usiku, wanawageuza kitandani wazazi wa hao hao waliokaa ukumbini. Mimi nimemlisha uji mama wa mtu ambaye alisimama kwenye korido siku moja akaniambia mji huu ni salama kwa sababu "tunajuana wote hapa". Sikumjibu, nilikuwa na vijiko viwili vimebaki. Lakini ndo hivyo, anayesubiriwa kukataliwa yuko ndani ya mji tayari, masaa nane au 16 kila siku, ana funguo za nyumba za watu, anajua dawa zao, ila jioni anatakiwa awe ameshaondoka.

Kilichonikera zaidi sio hata trafiki. Hapa hapa kwetu, na kaunti nzima ya Burlington ukipita utaona, maghala yameota kila kona, majengo meupe marefu hata mlango wake huuoni, malori yanaingia usiku na mchana, na mengi yalipita kwenye bodi bila vibao vya majani. Kwa sababu ghala linalipa kodi na halizai. Na nyumba za wazee wa miaka 55 kwenda juu nazo zinapita kirahisi, ni zile zile apatimenti, magari yale yale, ila hazina watoto wa shule, mpaka sheria ya jimbo ikabidi iweke ukomo wa kiasi gani mji unaweza kutumia nyumba za wazee kutimiza fungu lake, vinginevyo wangejenga za wazee tupu. Kwahiyo mtu akiniambia tatizo lake ni magari namuuliza tu, na lile ghala?

Nilienda pia kuuona ule mtaa wenye jina la Ethel Lawrence, sio mbali. Kusema kweli nilipitiliza. Ni nyumba za ghorofa mbili zimeshikana, rangi za kawaida, miti imekua, baiskeli za watoto zimelazwa kwenye majani, bembea. Ukiniwekea picha yake pembeni ya picha ya kondo za jirani zinazouzwa kwa hela nyingi sitakuonyesha ipi ni ipi. Ulianza na nyumba 100, zikaongezwa 40 mwaka 2004. Na kuna profesa wa Princeton, Douglas Massey, yeye na wenzake waliufanyia utafiti wa maana, wakatoa matokeo 2013. Walichofanya, walilinganisha Mount Laurel na miji mingine inayofanana nayo, wakaangalia uhalifu, bei za nyumba na kodi kabla na baada, wakakuta mradi haukubadilisha chochote kati ya hivyo vitatu. Halafu wakalinganisha waliopata nyumba na wale walioomba wakabaki kwenye foleni, waliopata wakawa na kazi zaidi, kipato zaidi, na watoto wao wana sehemu tulivu ya kusomea. Lakini mi kilichonifurahisha ni kwamba walipowauliza majirani wa karibu kabisa, karibu theluthi walikuwa hawajui kama kuna nyumba za bei nafuu hapo. Kelele zote zile za 1997, halafu mtu amekaa jirani na kitu na hakijui.

Nilimtumia Baba Junior hayo matokeo kwenye WhatsApp. Akajibu kwa voisi ndefu ya kunipinga, kwamba maprofesa hawalipi kodi ya hapa, ile ni Mount Laurel sio kwetu, wale walichujwa vizuri. Baada ya siku chache akapiga simu, akauliza hali za watoto, akauliza kazi, akazunguka zunguka, mwisho akasema, "Hivi shemeji, zile za bei nafuu mtu anaombaje? Mdogo wangu yuko kwenye chumba kimoja na watoto wawili." Nikamuelezea bila kucheka, na kibao chake mpaka leo kipo mbele ya nyumba, kimeanza kupauka.

Nisionekane kipofu lakini. Kuna vitu wapinzani wanasema ni vya kweli. Hesabu ya kanuni yenyewe ni kwamba ili upate nyumba 20 nafuu lazima umeze na 80 za bei ya soko, kwahiyo mji unajaa apatimenti za gharama ili kupata hizo chache, na developa anavaa koti la huruma huku anavuna kwenye zile 80. Mimi ningependa zaidi mtindo wa Ethel Lawrence, ule ulijengwa na shirika lisilo la faida na zote ni nafuu, ila hiyo inataka ruzuku na uvumilivu na ardhi, na ardhi mji ndo unayo na hautaki kuitoa. Na maji ya mvua ni kweli, huku kusini mafuriko tumeyaona. Sasa kama ishu ni maji basi tudai bwawa kubwa la kukusanya maji na liandikwe kwenye kibali, tusidai mwaka mwingine wa kuahirisha.

Na jimbo safari hii limebana kidogo. Sheria mpya ilisainiwa Machi 2024, ile baraza ya zamani ambayo ilikuwa imeshakufa kitambo ikafutwa rasmi, na kila mji ukapewa namba yake ya nyumba nafuu kwa 2025 mpaka 2035, kwa jimbo zima ni zaidi ya nyumba 80,000 mpya, na tarehe za mwisho zimewekwa. Mji ukichelewa unapoteza kinga yake na developa anaweza kuupeleka mahakamani. Baadhi ya miji ikakimbilia mahakamani kupinga, bila shaka. Kwahiyo kwenye ukumbi wetu ule, wajumbe wa bodi wanajua kabisa kwamba hapana haiwezekani. Kilichobaki ni kusogeza mbele, mwezi huu trafiki, mwezi ujao trafiki, unaofuata miti.

Mi nimeamua naunga mkono na nimejiandikisha kuongea, mwananchi anapewa dakika tatu. Kikao kijacho kimeangukia siku yangu ya kazi, kwahiyo nikamwomba mwenzangu mmoja Mfilipino tubadilishane shifti. Kakubali, ila kasema nimshikie Krismasi, masaa 16, na kama kikao kitaahirishwa tena niombe kwa mtu mwingine.